Bado Tunaishi Mwaka wa Kwanza

Mazungumzo yangu ya leo kutoka London yanawahusu watu wetu wa Afrika Mashariki walioko Tooting. Nawe uliyeko Reading, Leicester, Oslo au Muscat usiondoke redioni, kwa sababu nitakayoyasema ya Tooting huenda yakakugusa huko huko uliko.

Kwa asiyekujua Tooting, ni mtaa wa kusini mwa London, ndani ya halmashauri ya Wandsworth. Kituo chake cha treni ya chini ya ardhi, Tooting Broadway, kilifunguliwa 1926, na mbele yake imesimama sanamu ya Mfalme Edward wa Saba. Pita hapo asubuhi mapema, siku yoyote ya juma. Wanaokwenda kazini wanapishana na wanaotoka zamu ya usiku katika Hospitali ya St George's, ambayo iko mwendo mfupi tu kwa miguu. Humo hospitalini, na katika nyumba za kutunzia wazee za kusini mwa jiji, watu wetu wapo: wauguzi, wahudumu wa wodi, wafanya usafi, wapishi. Ukipanda Upper Tooting Road kununua muhogo na bamia, unaweza kupimiwa na mzee wa Kihindi anayeongea Kiswahili cha Mombasa au cha Kisumu, maana naye katokea huko huko kwetu.

Sasa mwambie mmoja wa hao kwamba unataka kwenda kumtembelea. Atakwambia ana shifti. Jumamosi je? Jumamosi kachukua ovataimu. Jumapili? Jumapili kuna ibada, ikitoka ibada kuna kikao cha kamati ya harusi, kikitoka kikao kuna mkutano wa chama cha watu wa mkoa, na usiku kuna simu ya ukoo kuhusu kiwanja cha kule nyumbani kinachogombaniwa. Mtu huyu hajapata usingizi wa maana tangu Alhamisi. Watoto wake anawaona wakiwa ndani ya sare za shule au wakiwa wamelala.

Tumezoea kusema London ndivyo ilivyo. Ni kweli kodi ya nyumba hapa haimhurumii mtu. Lakini nimewatazama watu wetu kwa miaka mingi, na ninaamini kuna jambo jingine. Wengi wetu, miaka kumi au ishirini baada ya kushuka uwanja wa ndege wa Heathrow, bado tunaishi mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza kila mgeni anaujua. Una deni la nauli. Umekopa kwa shemeji, umekopa kwenye kikoba, pengine baba ameuza ng'ombe. Unalala chumba kimoja na watu usiowajua. Kila zamu unayopigiwa simu unasema ndiyo kabla mwenye kupiga hajamaliza sentensi, maana hujui kama wiki ijayo atapiga tena. Kila anayekualika unakwenda, maana huna mtu mwingine. Kila kamati unaingia, maana humo ndimo utakapojulikana, na kujulikana ndiko kutakakokupatia chumba bora na kazi bora. Mwaka huo, "ndiyo" ni neno la busara. Aliyelisema sana ndiye aliyefanikiwa kutulia.

Wazee wa Upper Tooting Road wanaufahamu mwaka huo kuliko sisi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Takriban watu 28,000 walipokewa Uingereza, wakiwa wameacha maduka, viwanda, nyumba na akiba zao, na pesa walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kidogo sana. Waasia wengine wa Kenya walikuwa wametangulia miaka michache nyuma. Mtu aliyepoteza kila kitu hachagui kazi. Walifungua maduka alfajiri na kuyafunga usiku, baba, mama na watoto wakipokezana kaunta, na kwa njia hiyo walisimama tena. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini ukikaa nao wakakuzoea, wapo watakaokueleza pia upande wa pili: kwamba duka lilipokwisha kulipiwa, saa za kulifungua hazikupungua. Hofu ya 1972 iliendelea kupanga ratiba ya nyumba ambayo tayari ilikuwa na chakula.

Hapo ndipo tulipo wengi wetu. Deni la nauli tulishalilipa. Kibali cha kudumu tunacho, wengine wana hata pasi ya Uingereza. Lakini simu ya wodi ikilia jioni ya siku ya mapumziko tunaipokea kwa hofu ile ile ya mgeni. Mtu wa benki ya hospitali, yaani yule anayeitwa zamu kwa zamu, kwa kawaida hafungwi na mkataba kuipokea zamu anayopigiwa. Anaweza kusema leo hapana, na keshokutwa akaitwa tena kama kawaida. Wengi wanalijua hili kichwani, lakini mdomo unakataa kulitamka.

Na mwili unalipa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 peke yake walikadiria vifo 745,000 duniani vilivyotokana na saa nyingi za kazi. Sisi wenyewe tumeshachangishana kusafirisha majeneza ya watu wa miaka hamsini na kitu. Tulipowaaga tuliwasifu kwa uchapakazi. Sifa walistahili, ila naona tuliharakisha kuitoa kabla ya kujiuliza ni kitu gani kilichowachosha.

Nataka nikurudishe nyumbani kidogo, kwa mtu ambaye kila Mtanzania anamjua. Mwalimu Nyerere alirejea kutoka Edinburgh mwaka 1952, akafundisha katika shule ya St Francis pale Pugu. Julai 1954 chama cha TANU kikaanzishwa, naye akiwa rais wake. Kwa miezi kadhaa akawa na kazi mbili: juma zima darasani, na zikipatikana siku za kupumua yuko Dar es Salaam kwenye chama. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ikambidi achague, na mwezi huo huo akaacha ualimu. Kumbuka alikuwa kijana mwenye mke na familia changa, na mshahara wa Pugu ndio uliokuwa wa uhakika. Aliipenda kazi ile kiasi kwamba jina la Mwalimu halikumtoka hadi alipofariki 1999. Alichokiacha hakikuwa kibaya.

Miaka saba baadaye akafanya jambo gumu zaidi. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Wiki sita tu baadaye, Januari 1962, Waziri Mkuu Nyerere akajiuzulu. Nchi ikashangaa. Alichokitaka ni muda wa kukijenga upya chama na kukaa na wananchi, maana aliona chama kilichotumika kudai uhuru hakijajua kitafanya nini baada ya kuupata. Akamkabidhi Rashidi Kawawa uwaziri mkuu, akazunguka nchi, akaandika, na mwisho wa mwaka huo wananchi wakamchagua kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri.

Ninakumbusha habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, alikubali kwamba kazi iliyofaa 1961 haikuwa lazima ifae 1962. Pili, na hili ndilo tunalolikosea sana hapa Tooting, alikabidhi. Hakutoweka wala hakuzima simu. Kulikuwa na Kawawa, mtu mwenye uwezo, na wananchi walijua nani yuko kwenye kiti.

Sisi tukichoka tunafanya kinyume. Mtunza hazina wa chama anaanza kukosa vikao. Anatuma ujumbe kwamba yuko shifti. Baadaye hatumi ujumbe wowote. Daftari liko kwake, hela ziko kwenye akaunti yenye jina lake, na watu wanaanza kunong'ona mambo yasiyokuwepo. Mtu huyu hakuiba hata senti moja, alichoka tu, lakini ameondoka na jina baya. Laiti angesema mapema kwamba ikifika Juni naachia, mtafuteni mwingine nimwonyeshe hesabu, angeondoka na shukrani na muda wake mkononi.

Nije kwenye swali lenye uzito: tupunguze nini? Hapa natofautiana na washauri wengi wa mjini humu, wanaomwambia mtu ajifunze kukataa, ajipende, afunge mlango. Mtu wetu akifunga mlango hivyo atabaki peke yake katika jiji lenye watu karibu milioni tisa, na siku akilazwa wodini hakuna atakayemletea uji. Undugu huu ndio uliotupokea. Hatuwezi kuukata.

Kwa hiyo mimi nasema msiba usiguswe. Mtu akifiwa, nenda. Kaa naye hata nusu saa, kunywa chai, pika kama unajua kupika. Mgonjwa naye vivyo hivyo. Mgeni aliyefika juzi asiyejua hata namna ya kujiandikisha kwa daktari, huyo mpe Jumamosi moja. Mambo haya yanahitaji mwili wako, na hakuna hela inayoweza kukaa badala yako mkekani.

Lakini kamati ya sherehe ni jambo jingine. Harusi ya siku moja tunaiundia kamati ya watu ishirini, yenye mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya mapambo, na vikao kila wiki kwa miezi mitatu. Kikao kinaitwa saa kumi, kinaanza saa kumi na mbili, kinakwisha saa nne usiku, na lililoamuliwa ni rangi ya vitambaa. Kabla ya harusi kulikuwa na sendofu, kabla ya sendofu kulikuwa na kichen pati, na baada ya miezi kuna siku ya kuzaliwa ya mtoto, nayo imeundiwa kamati. Watu watano wanaoaminika wanaweza kuifanya kazi hiyo yote kwa vikao vitatu. Wengine tutoe mchango wetu mapema, tuje siku yenyewe tumependeza, tule, tucheze, tuwaombee maharusi kheri. Hakuna aliyepungukiwa.

Na namna ya kusema ipo, bila kumvunjia mtu heshima. "Shemeji, mara hii kamati sitaingia. Mchango wangu nautuma leo, usisubiri kunidai. Siku yenyewe nitakuja na mama watoto na wanangu wote." Hapo shemeji atakasirika kwa lipi? Kinachowaudhi watu ni ile "ndiyo" ya kinafiki, unapoiahidi kamati halafu huonekani, na jina lako limeshaandikwa kwenye zamu ya kubeba sufuria.

Waangalie Wasabato wetu, wa Kisii, wa Mara, wa Upareni. Ijumaa jua likizama wamesimamisha kazi, hadi Jumamosi jua lizame tena. Nimewaona wauguzi Wasabato wakilieleza jambo hili siku ya usaili, kwa adabu, na kujitolea kufanya Jumapili na sikukuu badala yake. Wenzao wanajua, wanapanga ratiba wakijua. Simulizi hii si ya dini peke yake. Walisema mapema, wakasema kwa uwazi, wakatoa kitu badala yake, na hawabadiliki kila wiki. Familia isiyo ya Kisabato inaweza kuwa na jioni moja ambayo hata bosi wa baba anaijua.

Sasa nizungumze na yule ambaye kweli yuko mwaka wa kwanza, maana sitaki nimkanyage. Dada uliyekuja kwa viza ya kutunza wazee, ambaye kibali chako kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na deni la wakala bado linakusubiri: maneno yangu ya kupunguza zamu kwako ni mazito, najua. Na waliokuja na viza hiyo kwa kazi ya utunzaji kuanzia Machi 11, 2024, hawakuruhusiwa kuja na mume, mke wala watoto. Kwa hiyo kilicho cha maana kwako hakiko Tooting kabisa. Kiko Mbeya, Machakos au Masaka, na unakifikia kwa simu.

Tazama saa zinavyokupiga. Wakati wa baridi nyumbani wametangulia saa tatu, wakati wa kiangazi saa mbili. Zamu ndefu ya mchana huanza kwenye saa moja na nusu asubuhi na kwisha kwenye saa mbili usiku. Ukitoka, kwao ni saa nne au tano ya usiku, mtoto amelala zamani. Ukiingia asubuhi yuko darasani. Mama anaweza kufanya zamu nne mfululizo asisikie sauti ya mwanawe, huku kila siku akiwa na simu mfukoni. Lakini sheria ya hapa inampa anayefanya kazi zaidi ya saa sita angalau dakika 20 za kupumzika bila kukatishwa. Zikipangwa saa saba mchana, nyumbani ni saa tisa au kumi, mtoto ndiyo anavua sare. Mwombe msimamizi muda huo hasa, mweleze sababu. Na katika dakika hizo usipokee simu ya kikoba wala ya kiwanja. Ni za mtoto.

Nawe unayenisikiliza ukiwa nyumbani, baba mdogo, shangazi, kaka mkubwa, nakuomba jambo. Unapompigia mtu wa London kumwambia bati zimepanda bei, hela unazoziomba ni zamu. Ni usiku mmoja wa kugeuza wagonjwa, na pengine ni ile Jumapili aliyokuwa awapeleke wanawe kuogelea kwenye bwawa la wazi la Tooting Bec, ambalo lipo tangu 1906 na wapo watoto wetu waliokulia mtaa ule bila kulitia mguu. Sikuzuii kuomba. Msaada wa ndugu umesomesha wengi, nami simlaumu anayetuma. Ila mwulize kwanza amelala saa ngapi. Na sisi wa huku tuache kuficha. Tukirudi likizo tunagawa hela kama vile zilikuwa zinaokotwa, halafu tunalalamika kwamba hatuhurumiwi. Mwonyeshe mdogo wako hati ya mshahara na risiti ya kodi ya nyumba. Atakuelewa kuliko unavyodhani.

Watoto wa Tooting wana hesabu yao pia. Shule za msingi huwaachia watoto mchana kabla ya saa kumi, na saa mbili na nusu mtoto mdogo yuko kitandani. Katikati hapo kuna saa chache, na ndani yake kuna chakula, kuoga na kazi za shule. Kiswahili chake kinaishi ndani ya saa hizo hizo. Darasa la Jumamosi linasaidia, lakini mtoto anajifunza kusema shikamoo kwa kuwaona wakubwa wakisalimiana, na anajifunza utani kwa kumsikia baba akitaniana na mjomba. Mzazi asiyekuwepo jioni tano kati ya saba asimlaumu mtoto kwa kumjibu Kiingereza.

Kwa wenye kuweza, na naamini ni wengi kuliko wanavyojidhania, kuna mlango ambao wengi hawajaugusa. Tangu Aprili 6, 2024, mwajiriwa wa hapa ana haki ya kuomba kubadilishiwa mpangilio wa kazi kuanzia siku ya kwanza kazini: siku, saa, au mahali. Anaruhusiwa maombi mawili ndani ya miezi 12. Mwajiri anaweza kukataa, lakini lazima azungumze nawe kabla ya kukataa, atoe sababu zinazotambuliwa na sheria, na ajibu ndani ya miezi miwili. Likizo yako ya mwaka, ambayo kwa mtu wa siku tano kwa wiki si chini ya siku 28 pamoja na sikukuu, ichukue uipumzike. Wapo wanaoichukua na kwenda kufanya zamu za wakala mahali pengine.

Na iko karatasi moja ambayo wengi walisaini ule mwaka wa kwanza bila kuisoma. Kanuni za muda wa kazi za 1998 zinaweka kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki. Karatasi ile ilikuwa ya kukubali kuzidi kikomo hicho. Unaweza kuifuta wakati wowote kwa maandishi. Notisi yake ni siku 7, isipokuwa kama mlikubaliana muda mrefu zaidi, nao hauwezi kuzidi miezi 3. Mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kuifuta. Kama miaka ya deni la nauli imekwisha nyumbani kwako, itafute karatasi hiyo, kaeni wewe na mwenzako mpige hesabu ya mwezi, na barua ya kuifuta iandike kabla ratiba ijayo haijabandikwa.